Jimbo Lisilo na Baridi

Ahmada Swafwani alikuwa na ulimi, mashallah, na ulimi wake uliyajua majimbo yote hamsini ya Amerika ingawa miguu yake ilikuwa imekanyaga mawili tu. Moja ni Texas, alikoishi miaka na miaka. La pili ni Oklahoma, na huko alikwenda siku moja kumsindikiza rafiki kununua gari, wakala kuku, wakarudi. Lakini hebu mwulize habari za Vermont! Atakupa milima yake, vita vyake, asali inayogemwa kwenye miti yake, utadhani ndiko alikotahiriwa.

Kazi yake hasa ilikuwa udereva. Aliendesha basi dogo la hoteli moja ya Irving, mji wa kaskazini mwa Texas, akipeleka na kurudisha wageni wa uwanja wa ndege, na kati ya safari na safari, akiwa ameegesha anasubiri, alichomoa simu akarekodi. "Assalaam alaykum ndugu zangu, karibuni tena, leo tunakwenda Ohio." Sauti hizo zilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya Mombasa, Lamu, Unguja, na hata ya watu wetu waliokwisha fika Amerika. Waliobahatika kwenye bahati nasibu ya viza, waliongojea kufuata waume, vijana wa vyuo, wote walimsikiliza Ahmada kabla ya kuamua wateremkie wapi. Walimwita Mwalimu. Naye hakukataa, hata kwa adabu hakukataa.

Alipendwa kwa sababu hakuwachosha watu kwa takwimu. Kila mahali pa Amerika alipatafutia pacha wake nyumbani. Arizona ni Garissa, ila ina barabara. Colorado ni Nyahururu. New Orleans ni Mji wa Kale wa Mombasa, ila wamezidisha ngoma na ulevi. Mtu aliyeketi Kibokoni na kikombe chake cha kahawa alielewa papo hapo, akajiona amekwenda na kurudi. Na swali la kwanza la kila msikilizaji, awe msomi awe mchuuzi, lilikuwa hilo hilo: baridi vipi? Maana sisi watu wa pwani usitutishe kwa bunduki wala ubaguzi. Taja theluji uone tunavyojikunyata.

Basi Ahmada akiulizwa la baridi ndipo alipokuja juu. Texas, ndugu zangu! Jimbo kubwa kuliko Kenya nzima. Lilikuwa la Wameksiko, likapigana, likawa nchi na rais wake na bendera yake, kisha ndipo likaingia Amerika kwa hiari yake, si kwa kuburutwa. Nendeni Fort Worth mkaone ng'ombe wenye pembe za urefu wa mtu wakipitishwa barabarani kwa maringo. Nendeni Houston mkaone hospitali zilizopangana kama maduka ya Biashara Street, na bandari, na bahari mwendo wa saa moja. "Houston," alisema Ahmada, "ni Mombasa. Jasho ni lile lile. Mbu ni wale wale. Hata umeme wa Texas ni wa Texas peke yake, haukuunganishwa na wa jirani, hatuombi mtu. Na baridi? Baridi haijui njia ya huku."

Mmoja wa waliomsikiliza kwa dhati alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Hasina.

Hasina alikuwa Mombasa na mumewe Riyadh na binti yao Jannat, walipoandikiwa kuwa bahati nasibu imewaangukia. Nyumba nzima ikapiga vigelegele, isipokuwa Hasina. Jannat alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Daktari alikuwa amemwambia mama yake mara mia: mtoto huyu asipigwe na baridi. Akipigwa, damu inakwama mishipani, na maumivu yake hata mtu mzima anauma mto. Tena si maumivu tu, wengine huondoka nayo. Hasina alikuwa akimvisha soksi Mombasa, mwezi wa Machi, watu wakamcheka.

Sasa Riyadh alikuwa na binamu yake Minnesota. Ana nyumba yenye nafasi, na kazi ya Riyadh ilikuwa imeshasemewa kwenye ghala moja huko. Kilichobaki ni tiketi. Hasina akampigia kaka yake.

"Kaka, nambie kweli. Usinambie kama unavyowaambia wale wa kundini. Minnesota kukoje?"

"Minnesota! Hasina, una akili wewe? Huko maziwa yanaganda mpaka watu wanapita na magari juu yake."

"Maziwa ya kunywa?"

"Maziwa ya kuogelea, mama! Ziwa zima linakuwa sakafu. Ndiko unakotaka kumpeleka mtoto huyu?"

"Na kwenu?"

"Texas haina baridi."

"Haina kabisa, au haina kwa maneno yako?"

"Siku mbili tatu za Januari utavaa sweta. Ikifika adhuhuri utalivua. Nimekaa hapa, sijahadithiwa. Mlete Jannat Houston, hospitali zake dunia nzima inazililia. Akipata shida ni shingoni kwangu."

Alisema hivyo, shingoni kwangu, kama tunavyosema sote tukiwa tumekaa kitako na tumbo limeshiba. Riyadh alinung'unika wiki nzima juu ya binamu yake na kazi iliyokwisha kusemewa. Lakini nani atabishana na mama wa mtoto mgonjwa, tena mwenye kaka aliyeko huko huko? Wakaenda Houston.

Na tuseme haki: Ahmada hakuwa mwongo, na miaka ya mwanzo ilimpa ushindi. Walipata fleti kusini magharibi mwa Houston, orofa ya pili, na kibaraza kidogo ambapo Hasina aliweka jiko la mkaa la kuchomea mishkaki ya Idi. Riyadh akasomea leseni ya malori, akawa anazunguka nchi nzima na mizigo. Hasina alipata kazi ya jikoni katika hospitali moja kubwa, na aliyemwingiza ni muuguzi Mkisii aitwaye Kwamboka, mkazi wa Pearland, mji wa jirani, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Jannat alikuwa akitibiwa kwenye wadi ya Kwamboka, ndipo walipojuana. Mtoto akanawiri. Alikimbia ufukweni Galveston bila viatu, maumivu yakawa ya mara moja moja, na wakati mwingine alimjibu mama yake kwa Kiingereza mpaka Hasina akamwambia, "Wewe, hapa si shuleni, zungumza na mimi." Kila Ijumaa alizungumza na mjomba wake kwa simu. Ahmada alimwita Bibi Houston.

Kwamboka naye alijiunga na kundi la Ahmada, kwa kucheka tu. "Huyu kaka yako," alimwambia Hasina, "ni balozi wa nchi hajawahi kufika."

Ikaja Februari ya mwaka ule wa elfu mbili na ishirini na moja, watu bado na barakoa zao. Televisheni ikaanza kusema inakuja baridi isiyo ya kawaida, watu wanunue maji na chakula, wafunike mabomba. Ahmada akacheka. Akarekodi: "Ndugu zangu, Wamarekani hawa wanaogopa hata umande. Itapita hii." Jumapili theluji ilianguka Irving, akatoka nje na kofia yake ya kiua akapigwa picha, akaituma kundini. Watu wakamjaza vicheko na mioyo. Hata Houston, Jannat aliikinga theluji kwa ulimi kibarazani mpaka mama yake akamvuta ndani kwa ukali.

Jumatatu alfajiri Hasina aliamka kuswali, akabonyeza taa, kimya. Kila kitu katika fleti ile kilikuwa cha umeme: jiko, maji ya moto, ile mashine ya kupasha nyumba joto. Akadhani ni la dakika chache. Kumbe mamilioni ya watu wa Texas walikuwa gizani, mitambo imeganda, na ule umeme usiowaomba majirani sasa haukuwa na jirani wa kuupa. Kulipopambazuka pumzi zao zilikuwa zikionekana sebuleni. Maji nayo yakakatika, mabomba yamepasuka huko ukutani. Riyadh alikuwa amekwama na lori lake Arkansas, barabara imekuwa barafu tupu, na gari la nyumbani alikuwa ameliacha kwenye yadi ya malori. Houston bila gari ni kifungo. Hata duka la maziwa huwezi kulifikia kwa miguu siku njema, sembuse siku ile.

Hasina akamvalisha Jannat kila nguo aliyokuwa nayo, akamfunika mablanketi, makanga, mpaka pazia akalitungua. Akachukua mataulo akaziba chini ya mlango na pembe za madirisha, upepo usipite hata kidogo. Karibu na adhuhuri mtoto akaanza kulalamika miguu. Hasina alikijua kilio kile.

Alipiga simu ya dharura. Ikaita, ikaita, ikapokewa, akaambiwa magari ya wagonjwa hayapiti, asubiri, ampashe mtoto joto. Ampashe kwa kitu gani? Akampigia Kwamboka, haikupokewa, Kwamboka alikuwa wadini tangu jana, hawakuruhusiwa kurudi kwao. Basi akampigia kaka yake.

Ahmada alikuwa kwake Irving, amejifunika koti juu ya koti, umeme wa kwake ukija na kukatika. Aliposikia sauti ya dada yake aliinuka.

"Kaka, mtoto ameanza. Miguu na mgongo. Nyumba ni friji. Kaka, nifanye nini?"

"Dawa umempa?"

"Nimempa, lakini baridi ndiyo inayomwua! Nifanye nini?"

Nyuma yake Ahmada alimsikia Jannat, si kulia, kugumia tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha sauti ndogo ikaja karibu na simu. "Mjomba, it hurts. Inauma sana. Waambie wawashe."

Ahmada alitaka kumwambia jambo la kumfurahisha Bibi Houston, akakosa. Jambo moja tu alilijua: huyu mtoto yuko hapa kwa neno lake, na joto lazima lipatikane, litoke popote. Akili ikamrudisha nyumbani kwao, chumba cha mama yao, siku alipozaliwa huyu huyu Hasina. Mama amelala kitandani, na chini ya kitanda chake jiko la makaa mekundu, kama wanavyofanyiwa wazazi wote wa pwani mpaka arubaini yao iishe. Chumba kilikuwa na joto la kutoa jasho. Hakuumwa mtu, wala hakufa mtu.

"Hasina! Lile jiko la mkaa bado liko kibarazani?"

"Lipo."

"Na makaa?"

"Yamo kwenye mfuko. Kaka, ndani ya nyumba?"

"Nisikilize. Uliwashe hapo hapo nje. Usiliingize na moshi, moshi ndio mbaya. Ngoja makaa yawe mekundu tititi, moshi uishe kabisa, ndipo uliingize. Mkae chumba kimoja, na mlango uufunge joto lisipotee. Kama mama mzazi. Si unajua?"

"Ndiyo!" alisema Hasina, na sauti yake ilipata uhai. "Ndiyo, wallahi, mbona sikufikiri? Kama mzazi."

Hebu niambieni, nani kati yetu angemkatalia? Bibi zetu walizalia juu ya makaa, mama zetu walizalia juu ya makaa. Lakini vyumba vya mama zetu vilikuwa na matundu juu ya milango, na madirisha ya mbao yasiyowahi kufunga sawasawa, na dari ya boriti mbali huko juu. Upepo uliingia utakavyo ukatoka utakavyo, nasi tukaulaumu kwa kutuletea vumbi. Hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba upepo ule ndio uliokuwa ukitulinda. Fleti ya Houston imejengwa isipitishe hata pumzi, na Hasina alikuwa amezidi kuiziba kwa mataulo.

Baada ya alasiri Ahmada alipiga tena.

"Tumepata joto, kaka," Hasina alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, nzito kidogo. "Nimemlaza mtoto karibu kabisa na jiko. Maumivu naona yamepoa. Amelala."

"Amelala! Alhamdulillahi. Mwache alale."

"Kichwa ndicho kinanigonga. Na kichefuchefu."

"Ni uchovu huo, na njaa. Tangu alfajiri umekuwa mbioni. Lala nawe."

"Ngoja nizime simu, chaji imebaki kidogo."

"Izime. Lala, mama. Nitakupigia magharibi."

Ahmada aliiweka simu akapumua pumzi ndefu. Machozi yalimtoka ya furaha, akayafuta, akacheka peke yake. Na kwa vile yeye ni yeye, hakuweza kukaa na jambo jema kifuani. Akarekodi: "Ndugu zangu mlioko Texas, msikae mkafa na baridi kama Wazungu. Tumieni akili za nyumbani. Makaa! Yawashe nje, moshi ukiisha uyaingize ndani, funga mlango. Dada yangu yuko Houston na mtoto mgonjwa, sasa hivi wamelala kwa raha. Waambieni na wengine." Akatuma. Watu wakaipokea kwa shangwe na kuisambaza, huyu kwa yule, kundi hili kwa lile.

Jua halijazama, simu ikalia. Ni Kwamboka.

"Ahmada! Ile sauti umetuma, umesema Hasina ameweka makaa ndani?"

"Ndiyo, dada, alhamdulillahi, mtoto—"

"Ndani ya nyumba? Na amefunga?"

"Moshi ulikuwa umeisha, dada. Nilimwambia asubiri mpaka—"

"Sio moshi!" Kwamboka alipiga ukelele uliomfanya Ahmada aiondoe simu sikioni. "Sio moshi, Mungu wangu! Makaa yanatoa sumu haina rangi, haina harufu, huioni! Tangu asubuhi tunaletewa watu hapa, family nzima! Wako macho?"

"Wamelala," alisema Ahmada.

Kwamboka akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mpigie. Piga usiache. Mimi naenda."

Ahmada alipiga. Imezimwa. Akapiga. Imezimwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia aizime. Alipiga akiwa amesimama, akapiga akiwa amepiga magoti, akapiga huku akimwita dada yake kwa sauti kana kwamba atamsikia toka Irving. Jirani akagonga ukuta. Mwishowe akaifuta ile sauti aliyoituma, akarekodi nyingine, fupi: "Msiweke makaa ndani. Tafadhali, msiweke. Fungueni madirisha." Hakusema kwa nini. Watu wakamwuliza, Mwalimu kulikoni, hakuwajibu. Akatoka, akaingia kwenye gari lake, akashika barabara ya Houston, mwendo wa saa nne siku njema, juu ya barafu, na gari likimteleza kulia na kushoto hakujali.

Kwamboka alitoka wadini na magwanda yake ya kazi, bila ruhusa. Alifika na gari limegonga ukingo wa barabara na taa moja imevunjika. Akapanda ngazi, akagonga, akaita, akamchukua kijana wa fleti ya chini wakauvunja mlango kwa mabega. Taulo lilikuwa bado limeziba chini ya mlango. Humo ndani mlikuwa na joto zuri. Hasina alikutwa karibu na mlango wa chumba, amelala kifudifudi, mkono mmoja mbele. Labda aliamka akataka maji, labda alihisi jambo akataka kutoka, hata yeye hakuja kukumbuka. Alikuwa anapumua. Jannat alikuwa pale alipolazwa, karibu kabisa na jiko, kwa kuwa ndiye aliyehitaji joto kuliko wote. Uso wake ulikuwa na wekundu kama wa afya, ndiyo alama ya sumu ile. Kwamboka alimbeba mpaka kibarazani, akamlaza kwenye theluji, akamkandamiza kifua na kumpulizia mpaka gari la zimamoto lilipofika, na lilipofika aliwakatalia kumwachia. Lakini alikuwa muuguzi wa miaka mingi. Alijua tangu alipomshika.

Ahmada aliipata habari akiwa njiani, amesimama kituo cha mafuta nje ya Huntsville. Nisieleze alivyolia. Mhudumu wa pale alimletea kiti.

Maiti haikutolewa mara moja. Serikali ilitaka ichunguze, na waliokufa wiki ile walikuwa wengi, na mtoto wa Kiislamu akakaa kwenye majokofu, naye ndiye aliyekimbizwa baridi maisha yake yote. Riyadh alifika katikati ya hayo, macho mekundu, hazungumzi. Hasina akatolewa hospitali. Wakamzika Jannat barafu ilipokwisha yeyuka, jua la Houston limerudi linachoma, wanaume wamevua makoti yao makaburini.

Matanga yakakaliwa Pearland, nyumbani kwa Kwamboka, maana fleti ile hakuna aliyeweza kuitia mguu. Mama wa Kikisii, Mkristo wa kwaya, aliondoa viti vyote sebuleni akatandika mikeka ya kuazima, akawapikia wasoma hitma. Hasina aliketi chumba cha ndani, kanga kichwani, hali wala hanywi. Watu walipotoka kwenda kuswali, Riyadh aliingia akaketi mbele yake sakafuni. Ahmada alikuwa pale pembeni. Tangu siku ile hakuwa ameondoka karibu na dada yake, na hakuwa amesema naye zaidi ya salamu.

"Hasina," alisema Riyadh. "Sijakuuliza kitu siku zote hizi. Leo nakuuliza. Nani aliyekwambia uingize jiko ndani?"

Kwamboka alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Alisimama hapo hapo.

Hasina hakuinua macho. "Hakuna aliyenambia," alisema. "Ni akili zangu mwenyewe. Nilikumbuka mama mzazi anavyowekewa."

"Hukumwuliza mtu?"

"Sikumwuliza mtu."

Basi hapo ndipo pa Ahmada. Mlango ulikuwa wazi, maneno yalikuwa mawili tu, ni mimi, na mtu huyu maneno hayakuwahi kumpungukia tangu azaliwe. Alifungua kinywa. Macho ya Kwamboka yalimwelemea. Alikitazama kinywa cha dada yake kilichokwisha mfichia, akaona aibu, na chini ya aibu, Mungu amsamehe, akaona nafuu. Akakifunga kinywa.

Riyadh alimgeukia polepole.

"Shemeji, mimi niliisikia sauti yako. Nilikuwa nimekwama Arkansas, dereva mwenzangu wa Kitanzania akanichezea kwenye simu yake. Tumeketi ndani ya lori lake. Akasema, msikilize jamaa huyu, ana akili. Nikasikia unamtaja dada yako wa Houston na mtoto mgonjwa. Nilifurahi, shemeji. Nikamwambia yule bwana, huyo ni mke wangu, huyo ni mwanangu, na huyo ni shemeji yangu. Nikasema alhamdulillahi. Sikumpigia Hasina, nikasema wamelala, nisiwaamshe."

"Nimekuja na rungu langu moyoni, nimekulenga wewe," alisema Riyadh. "Kila nikiliinua, nakumbuka nilifurahi. Nilisema, alhamdulillahi. Ungesema tu ni wewe, labda ningejua pa kuanzia. Sasa nikuanzie wapi?" Akaanza kulia kwa sauti, mwanaume mzima, kichwa kimegonga mkeka. Ahmada naye akaanguka kando yake, akamshika mguu, akisema nisamehe, nisamehe, shemeji, ni mimi, ni mimi, sasa maneno yalipokuwa hayana kazi tena.

Hasina aliwatazama wote wawili. Alishusha kanga kichwani, akaikunja magotini, taratibu.

"Tokeni," alisema.

Walidhani wamesikia vibaya.

"Tokeni nje, wewe na yeye. Mlilie huko makosa yenu. Mimi mwanangu amekufa, na tangu siku ile sijapata nafasi ya kumlilia kwa kuwafichia nyinyi aibu."

Kwamboka aliweka chini chupa ya chai. Akawainua mmoja mmoja kwa mkono, akawatoa, akaingia yeye, akaufunga mlango.